MAWE YANAYOFUNDISHA KUKANDA
Hekalu la Wat Pho na tiba ya maungo ya Thailand

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, bila shaka unaifahamu ile saa ya jioni ambapo mtu aliyeshinda amesimama mbele ya mashine kiwandani, au aliyeinamia cherahani tangu asubuhi, au aliyebeba magunia bandarini, hurejea nyumbani akiwa hana ugonjwa anaoweza kuutaja kwa jina, lakini mwili wote unamlalamikia. Mgongo umekaza, shingo haigeuki, miguu imekuwa mizito kama magogo. Hujilaza kifudifudi mkekani, na pengine humwita mwanawe mdogo ampande mgongoni na kumkanyagakanyaga. Baada ya kitambo hushusha pumzi na kusema, "Hapo hapo!"

Iko nchi moja ya Asia ambayo jambo hilo dogo la nyumbani imelifanya kuwa elimu kamili, yenye walimu, mitihani na sheria zake, na ikaichonga elimu hiyo juu ya mawe ili isipotee. Nchi hiyo ni Thailand, ambayo hadi mwaka 1939 ilijulikana kwa jina la Siam. Nawe ukitaka kuyaona mawe hayo kwa macho yako, basi safari yako ni ya kwenda mji mkuu wa Bangkok, katika hekalu la Wat Pho.

NJIA YA MTO

Njia nzuri ya kufika huko ni ile ile waliyoitumia wenyeji wa zamani, yaani maji. Mto Chao Phraya hupita katikati ya Bangkok, na mashua za abiria hupanda na kushuka mchana kutwa, zimejaa makarani, wanafunzi, watawa wa Kibuddha waliovaa mavazi ya rangi ya manjano, na akina mama wenye vikapu. Utateremka kwenye gati la Tha Tien. Ukigeuka nyuma utauona ng'ambo ya mto mnara wa Wat Arun, Hekalu la Alfajiri. Kaskazini, umbali wa kutembea kwa miguu, yapo mapaa yenye kung'aa ya Kasri Kuu la wafalme. Mbele yako ni kuta nyeupe za Wat Pho.

Hapa ni mahali pa ibada, kwa hiyo ingia kwa adabu. Mabega na magoti yafunikwe, na viatu vivuliwe kabla ya kukanyaga ndani ya majengo matakatifu. Watu wengi huenda moja kwa moja kwenye sanamu ya Buddha aliyelala, nawe huna sababu ya kuikosa. Ina urefu wa meta 46 na kimo cha meta 15, nayo imepakwa dhahabu tangu utosini hadi kwenye vifundo vya miguu. Nyayo zake zimepambwa kwa lulumizi katika alama 108 za baraka. Kando ya ukuta yamepangwa mabakuli 108 ya shaba, na wageni hutia sarafu moja moja katika kila bakuli, hata ukumbi mzima ukajaa mlio mwembamba usiokoma.

Wageni wengi wakisha kuiona sanamu hiyo huona safari imekwisha. Wewe usitoke. Endelea uani, upite kwenye minara iliyofunikwa vigae vya rangi rangi, na kwenye sanamu za mawe za askari na mabwana wa Kichina. Inasemekana kwamba sanamu hizo zilifika huko zikiwa farumi, yaani uzito wa kutulizia majahazi yaliyorudi matupu kutoka China. Hatimaye utafika kwenye mabanda madogo yaliyo wazi pande zote. Inua macho uangalie kuta zake.

Hapo utaona picha za mtu aliyechorwa mbele na nyuma. Mwilini mwake imepita mistari kama mito katika ramani, na juu ya mistari hiyo yamewekwa madoa. Kando ya kila doa yapo maandishi yanayoeleza sehemu hiyo ikibonyezwa husaidia nini: maumivu ya kichwa, kukaza kwa bega, ganzi ya mguu, tumbo lililojaa upepo. Picha hizo ni 60, nazo ndizo kitabu cha kiada cha ukandaji wa Kithai.

KWA NINI ELIMU ILIANDIKWA JIWENI

Ili tuelewe kwa nini watu waliamua kuandika kitabu juu ya mawe, inatubidi tuupande mto huo huo hadi mji wa kale wa Ayutthaya, ulioko kiasi cha kilometa 80 kaskazini ya Bangkok. Ayutthaya ulikuwa mji mkuu wa Siam kwa zaidi ya miaka mia nne. Mwaka 1767 majeshi ya Burma yaliuteka na kuuteketeza kwa moto. Pamoja na makasri na mahekalu ziliungua nyaraka nyingi, na miongoni mwake zilikuwamo hati za waganga.

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Wathai waliujua ukweli huo kwa uchungu, kwani wao walikuwa na daftari, nalo likaungua. Mfalme Rama wa Kwanza alipouanzisha mji mkuu wa Bangkok mwaka 1782, moja ya kazi zilizomkabili ilikuwa kukusanya masalia ya elimu ya taifa. Kati ya mwaka 1788 na 1801 alilijenga upya hekalu la zamani lililokuwa mahali hapo, na humo akaagiza yawekwe maarifa ya dawa, pamoja na sanamu za watawa wanaoishi peke yao misituni, ambao Wathai huwaita ruesi, wakiwa katika mikao ya kunyoosha viungo.

Kazi hiyo ilikamilishwa na mjukuu wake, Rama wa Tatu. Mfalme huyo aliwaita wataalamu wa kila fani, na kati ya mwaka 1831 na 1841 yakachongwa hekaluni maandishi yanayofikia 1,431. Si ya dini peke yake. Yamo mashairi, historia, jiografia, maadili, dawa za mitishamba na ukandaji. Sanamu za ruesi ziliundwa upya kwa madini, na kila moja ikatungiwa shairi la kueleza mkao wake unatibu nini. Baadhi ya sanamu hizo bado zimekaa juu ya vilima vya mawe vilivyomo uani, mzee mmoja akivuta mguu wake, mwingine akipinda mgongo. Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliyaingiza maandishi ya Wat Pho katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia.

Yatafakari mahali yalipowekwa maandishi hayo. Katika nchi nyingi, na kwetu pia, maarifa ya tiba yalikuwa siri ya ukoo. Baba alimnong'oneza mwana, na mwana akifa bila mrithi, dawa hufa naye. Mawe ya Wat Pho yaliwekwa uani, mahali ambapo mtu yeyote aliyejua kusoma aliweza kusimama akajifunza. Ndiyo maana Wathai hupenda kuliita hekalu hilo chuo kikuu chao cha kwanza cha umma.

TIBA YA MFALME NA TIBA YA MKULIMA

Ukiwauliza wakandaji wa Thailand elimu yao ilitoka wapi, watakutajia jina la Jivaka, tabibu wa India ambaye masimulizi ya Kibuddha yanasema alimtibu Buddha mwenyewe, yapata miaka 2,500 iliyopita. Wanamheshimu kama baba wa tiba, na walio wengi humwombea dua kabla ya kuanza kazi. Wanahistoria hawaoni kwamba mtu mmoja ndiye aliyeasisi ukandaji huu. Wao huona mchanganyiko wa fikra za India, mbinu zinazofanana na za China, na maarifa ya wanavijiji wenyewe, yaliyofumwa pamoja kwa karne nyingi.

Hata hivyo hapana shaka kwamba desturi hiyo ni kongwe. Mfaransa Simon de la Loubère, aliyefika Siam mwaka 1687 akiwa mjumbe wa Mfalme Louis wa 14, aliandika kwamba mtu akiugua huko humwita fundi wa kumlainisha mwili mzima, na kwamba fundi huyo humpanda mgonjwa na kumkanyaga kwa miguu. Mzazi anayemwita mwanawe ampande mgongoni jioni angeyasoma maneno hayo bila mshangao wowote.

Kadiri muda ulivyopita zilijitokeza njia mbili. Ya kwanza ni ya kasri. Mkandaji wa mfalme alimsogelea bwana wake kwa magoti, akatumia mikono peke yake, hasa dole gumba na kiganja, wala hakuthubutu kumgusa kwa mguu. Ya pili ni ya wananchi wa kawaida. Kila kijiji kilikuwa na fundi wake, ambaye wakulima walimwendea baada ya siku nzima ya kuinama katika mashamba ya mpunga. Huyo alitumia kila alichojaliwa na Mungu: gumba, kiwiko, goti na wayo. Ukandaji unaofahamika leo duniani kote umetoka zaidi kwa mkulima huyo kuliko kasri.

NAMNA MTU ANAVYOKANDWA

Usitarajie kitanda kirefu wala chupa za mafuta. Mkandwaji hulala juu ya godoro jembamba lililotandikwa sakafuni, naye hubaki amevaa nguo zake pana na laini. Mkandaji huanza kwa kuunganisha viganja na kuinama kidogo, ishara ya heshima kwa walimu wake na kwa mtu aliyelala mbele yake. Kisha huanzia miguuni.

Hubonyeza polepole, akipanda kutoka wayo hadi paja, halafu mikono, mgongo, mabega na kichwa. Nguvu yake haitoki vidoleni, bali katika uzito wa mwili wake anaouegemeza kidogo kidogo huku akifuata pumzi ya mkandwaji. Baada ya kubonyeza huja kunyoosha: mguu hupindwa kifuani, mgongo huzungushwa, mikono huvutwa nyuma. Kazi yote huchukua saa moja hadi mbili. Wakati mwingine huongezwa kifurushi cha kitambaa kilichopashwa moto kwa mvuke, chenye aina ya tangawizi iitwayo plai, pamoja na manjano, mchaichai, majani ya mkwaju, kafuri na chumvi. Mpishi yeyote wa pwani yetu angevitambua viungo vingi kati ya hivyo kwa harufu tu.

Kwa mujibu wa mafundisho ya jadi, mwili umeundwa kwa udongo, maji, upepo na moto, na upepo hupita katika njia ziitwazo sen, ambazo kumi kati yake ndizo kuu, nazo huanzia karibu na kitovu. Njia ikiziba, huja maumivu. Madaktari wa leo wakipasua mwili hawazioni njia hizo. Wanachokiona ni misuli iliyokaza, viungo visivyonyooshwa na mishipa ya fahamu iliyochoka. Pande hizo mbili hazielezi jambo hilo kwa lugha moja, ila zinakubaliana kwamba mkono unaojua unapobonyeza waweza kuleta nafuu.

KUDHARAULIWA NA KUINULIWA

Usidhani kwamba elimu hiyo ilitunzwa bila matatizo. Mwaka 1888 Siam ilifungua hospitali yake ya kwanza ya kisasa, Siriraj, ng'ambo ya mto huo wa Chao Phraya. Mwanzoni tiba ya jadi na ya Kimagharibi zilifundishwa pamoja, lakini mapema katika karne ya 20 ile ya jadi iliondolewa darasani. Sheria ya mwaka 1923 ya kusimamia kazi ya uganga iliwatia hofu mafundi wengi wa vijijini, wengine wakaacha kazi ili wasije wakashtakiwa.

Halafu ikaja fedheha ya namna nyingine. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya Vietnam, Thailand ilikuwa na kambi za jeshi la Marekani, na askari walipelekwa Bangkok kustarehe. Yakazuka majumba yaliyoandikwa neno "masaji" mlangoni, ilhali biashara iliyofanyika ndani ilikuwa nyingine kabisa, na waliodhalilishwa humo walikuwa mabinti wa wakulima maskini. Sheria ya mwaka 1966 iliyaweka majumba ya masaji katika kundi moja na kumbi za starehe. Mkandaji wa haki, aliyekuwa mrithi wa mawe ya Wat Pho, alijikuta amechafuliwa jina na watu ambao hawakuwa wanafunzi wake.

Waliookoa jambo ni wale walioshika mafunzo. Mwaka 1955 ilifunguliwa katika Wat Pho yenyewe shule ya tiba ya jadi, na ukandaji ukafundishwa chini ya kivuli cha zile picha. Mkutano wa dunia juu ya afya ya msingi, uliofanyika Alma-Ata mwaka 1978, ulizihimiza nchi ziwatumie pia waganga wa jadi waliofunzwa vema, na katika miaka ya 1980 madaktari na wanaharakati wa Thailand wakaanza kampeni ya kuufufua ukandaji katika vijiji. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, mpango wa taifa wa bima ya afya unagharimia ukandaji wa tiba katika hospitali za serikali. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilichapisha vigezo vya mafunzo ya fani hiyo, na mwaka 2019 UNESCO ikauingiza ukandaji wa Kithai katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Wanaofaidika si wagonjwa peke yao. Wako wanawake wa vijijini waliopata riziki yenye heshima kwa kozi ya saa 150, na wako wasioona, ambao katika kazi hii hawahesabiwi kuwa na upungufu wowote, kwa kuwa macho ya mkandaji yako vidoleni.

FAIDA NA MIPAKA YAKE

Sasa tuseme kweli juu ya faida. Utafiti uliofanywa unaonyesha kwamba ukandaji hupunguza maumivu ya mgongo, shingo na mabega, hasa yale yatokanayo na kazi na mkao mbaya. Huwasaidia baadhi ya watu wenye kuumwa kichwa kwa sababu ya misuli iliyokaza. Hulainisha viungo, hutuliza mawazo, na wengi hulala vizuri zaidi usiku unaofuata. Lakini nafuu hiyo mara nyingi ni ya siku au majuma machache. Hudumu zaidi kwa mtu anayefanya mazoezi, na ndiyo maana wale ruesi wa madini hawamkandi mtu, bali wanajinyoosha wenyewe.

Ukandaji hautibu malaria, kisukari, kansa wala shinikizo la damu, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Tena wapo wasiopaswa kukandwa bila ushauri wa daktari: mwenye homa, mwenye mfupa uliovunjika au mifupa dhaifu, mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, na mama mjamzito. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa na joto na kuuma, usikubali uguswe. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kuukanda ni kulisukuma bonge hilo kuelekea mapafuni. Vilevile usikubali shingo yako ipindwe kwa kishindo. Maumivu yanayofuatana na ganzi, mguu kuishiwa nguvu au kushindwa kuzuia haja ni ya hospitali, siku hiyo hiyo.

NASI JE?

Ndugu msomaji, katika pwani ya Afrika Mashariki na hata bara, kukanda na kuchua si mambo ya kigeni. Wako wazee wanaojua kuchua mguu ulioteguka kwa mafuta ya nazi, na katika nyumba nyingi mama aliyejifungua hukandwa na shangazi au bibi. Elimu hiyo imekaa mikononi mwa watu, na watu hufa. Tanzania ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za jadi pale Muhimbili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ikapitishwa mwaka 2002. Lakini mizizi na majani ndiyo yaliyopata sehemu kubwa ya umaarufu. Mikono ya bibi bado haijaandikiwa daftari linalostahili.

Kuandika huko kusiwe kwa kusifu tu. Wauguzi wamekuwa wakionya kwamba maji ya moto mno anayokandwa mzazi humuunguza, na hayo nayo yaandikwe, ili linalofaa libaki na linalodhuru liachwe. Thailand ilipoteza mengi kwa moto wa Ayutthaya, ikakaribia kupoteza mengine kwa dharau na kwa aibu. Ilipona kwa sababu kila kizazi kilikuwa na watu waliokubali kuuliza, kupima na kuandika.

Basi ukijaliwa kufika Bangkok, shuka Tha Tien, vua viatu, ukaisome miili ile iliyochorwa ukutani. Na kama safari hiyo haimo katika uwezo wako, iko nyingine isiyo na nauli. Mwendee bibi au mzee anayejua kukanda katika ukoo wako, chukua kalamu na daftari, umwulize amejifunza kwa nani, hubonyeza wapi, na mgonjwa wa namna gani humkataa.